Mwavuli wa Roketi na Ng'ombe wa Shangazi

Roketi yetu ya kwanza ilirudi ardhini kama mtaimbo. Ilipanda vizuri, tukapiga makofi, ikatupotea kwenye mwanga wa jua, halafu tukasikia kishindo kimoja kizito upande wa mbugani, kama mtu ametupa gunia la chumvi kutoka juu ya lori. Tulipofika tulikuta mapezi tu yamechomoza kwenye udongo mweusi. Mwili wote ulikuwa umezama. Wanafunzi walicheka. Wakaazima majembe kwa mkulima wa jirani, wakaanza kuchimba, na kadiri walivyochimba ndivyo kicheko kilivyopungua, maana shimo lilifika kiunoni kabla hatujaiona pua ya roketi.

Mimi ndiye niliyeingia shimoni kuing'oa. Nikiwa mle ndani, udongo ukiwa usawa wa mkanda wangu, sikufikiria sayansi hata kidogo. Nilifikiria kichwa cha mtu.

Mimi ni mkufunzi wa karakana kwenye chuo kimoja cha ufundi hapa mkoani Simiyu. Nafundisha kuchomelea, kukata bati, kushona maturubai na viti vya magari. Nilizaliwa upande wa Lalago kwenye kaya ya pamba na ng'ombe, nikahamia Bariadi nilipopata ajira. Mradi wa roketi haukuwa wangu. Ulikuwa wa mwenzangu mmoja, mtu aliyetoka mkoa mwingine, msomi wa mitambo, mchapakazi kweli, ambaye sisi wote tulimwita Mkuu kwa sababu ndiye aliyekuwa mkuu wa mradi. Roketi yenyewe si ya kwenda mwezini. Ni bomba jembamba linalonifika kifuani, lenye pua ya plastiki ngumu, na ndani yake vifaa vya kupima joto na kimo ili wanafunzi wapate cha kujifunza. Lakini iwe ndogo, iwe kubwa, ukiipeleka juu itarudi chini, na ikirudi itamkuta mtu au haitamkuta.

Kwenye kikao kilichofuata nilisema kitu kile kisirushwe tena bila mwavuli.

"Basi ushone wewe, dada," Mkuu akasema, nusu utani.

"Nitashona," nikasema.

Nilishona. Nilidhani ni kazi ya wiki moja, kwa sababu kila mtu anajua mwavuli ni nini: kitambaa, kamba, hewa inajaa, kitu kinashuka polepole. Kumbe kitambaa ndiyo sehemu rahisi. Nilikata naironi nyepesi vipande virefu kama maganda ya chungwa, nikaviunga kwa mshono wa kukunja mara mbili, nikaacha tundu kileleni ili hewa ipumue, maana mwavuli usio na tundu huyumba kama mlevi. Kazi ngumu ilikuwa kuutoa nje. Roketi ikifika juu kabisa, kifaa kidogo kinachopima kimo kinapaswa kujua kwamba sasa safari ya kupanda imekwisha, kiwashe baruti kidogo, ile baruti isukume pua itoke, na pua iuvute mwavuli. Kikiwahi, roketi bado ina kasi na mwavuli unachanika. Kikichelewa, roketi imeshaanza kuporomoka na mwavuli unachanika vilevile. Na baruti yenyewe ni moto, na naironi na moto havipatani. Jaribio letu la kwanza la mezani, mwavuli wangu ulitoka umeyeyuka na kushikana kama mfuko wa plastiki uliotupwa jikoni. Nikaufungia kipande cha ngozi laini ya mbuzi kwa chini, ngozi ikala moto, kitambaa kikapona.

Kwa ajili ya kupima nguvu ya mishono, dereva wa chuo alinisaidia. Alikuwa mtu mzima mpole, asiyependa maneno mengi. Alinipakia nyuma ya pikapu, tukatoka nje ya mji kwenye barabara ya vumbi iliyonyooka, akakanyaga mafuta, nami nikautupa mwavuli nyuma huku kamba nimeifunga kwenye chuma cha bodi. Ulifunguka kwa mlio kama wa risasi. Gari zima lilishtuka. Kamba iliponipita ilinibabua viganja vyote viwili. Wanawake waliokuwa wanatoka kisimani walitua ndoo, wakasimama kututazama, na mmoja akapiga kelele kwa Kisukuma kuuliza kama tumeiba gari na sasa tunajaribu kulisimamisha. Dereva alicheka mpaka akaegesha pembeni. Mimi nilikagua mshono mmoja mmoja nikiwa nimekaa kwenye vumbi. Ilikuwa imeshika yote.

Kwa hiyo tuliporusha mara ya pili nilikuwa na imani. Roketi ilipanda, pua ikatoka, nikauona mwavuli wangu ukifunguka, wa rangi ya chungwa, mdogo kama ua la boga. Nikaruka kwa furaha. Lakini kifaa kilikuwa kimewahi. Roketi bado ilikuwa inakimbia, na ule mvuto wa ghafla uliifanya kamba ilipasue bomba kutoka juu mpaka katikati, kama kisu kinavyopasua muwa. Mwavuli ukabaki na pua, vikaelea vizuri kabisa kuelekea upande wa Itilima. Bomba zito likaja chini peke yake. Liliangukia kwenye kichuguu, likakigawa.

Nilikaa na lile bomba lililopasuka siku nzima. Nikaona jibu. Haifai mwavuli mkubwa utoke juu kule. Inatakiwa kwanza utoke mdogo, mdogo kama kilemba, kazi yake ni kupunguza kasi na kuifanya roketi isiyumbe. Halafu ikikaribia ardhi ndipo mkubwa ufunguke, ili upepo usipate muda wa kuipeleka mbali. Hata wale wakubwa wa dunia wanaorudisha watu kutoka angani hawaanzi na mwavuli mkubwa. Nilimpelekea Mkuu mchoro, nikamwambia nahitaji kushona miwili mipya na tuifanyie majaribio tena na tena.

Hakuuangalia mchoro. Alikuwa amepokea simu.

"Mgeni rasmi amekubali kuja," akaniambia. "Wiki mbili kuanzia sasa."

"Wiki mbili hazitoshi, Mkuu."

"Najua. Ndiyo maana mwavuli tunautoa."

"Tunautoa unaenda wapi?"

"Tunautoa kwenye roketi, dada. Tumepima. Bila mwavuli, bila kamba, bila baruti yake, inakuwa nyepesi. Itapanda juu sana kuliko zote mbili. Watu siku ile watakuwa wanatazama juu. Nani atatazama inakoangukia?"

Nikamuuliza inakoangukia ni wapi. Akafungua kompyuta, akanionyesha picha iliyopigwa kutoka angani, ardhi ya kahawia isiyo na paa hata moja. "Pori tupu," akasema.

Niliijua ardhi ile bila kuisogelea. Shangazi yangu, dada wa baba, ameolewa kule, akafiwa na mumewe kule, na mpaka leo anafuga kule. "Siyo pori," nikamwambia. "Ni mashamba yaliyovunwa."

"Kama yamevunwa, basi hayana watu."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba tunaongea lugha mbili. Kwetu shamba likivunwa ndipo linajaa. Miti ya pamba lazima ing'olewe na kuchomwa kabla ya msimu mpya, la sivyo wadudu wanalala humo wakisubiri mvua. Watu wanashinda shambani waking'oa na kuchoma. Na ng'ombe ambao msimu mzima walifukuzwa kwenye mahindi na mtama sasa wanaachiwa waingie kula mabua. Mwezi ule ndio mwezi wa kila mtu kuwa nje. Nikamweleza hayo yote. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema gari la matangazo litapita.

Gari lilipita kweli. Lilipita senta, siku ya mnada, likitangaza kwa Kiswahili cha ofisini kwamba wananchi mnaombwa kutokuwepo katika eneo husika. Wenye eneo husika walikuwa machungani.

Siku yenyewe ilipofika, mahema yalikuwa yamefungwa upande wa barabara, viti vimevishwa vitambaa vyeupe, kikundi cha ngoma kinapasha moto ngozi zao juani. Mimi nilikuwa na kazi moja. Mradi ulikuwa na kanuni ambayo Mkuu mwenyewe aliiandika tulipoanza: hakuna kurusha mpaka mtu aliyeko upande wa kuangukia aseme kwa redio kwamba uwanja uko wazi. Mtu huyo alikuwa mimi. Dereva alinipeleka, akaniacha kwenye tuta, akarudi kuchukua wageni wengine.

Niliangalia. Kulikuwa na moshi wa miti ya pamba sehemu tatu, na kwenye kila moshi watu wanainama na kuinuka. Kulikuwa na mama amembeba mtoto mgongoni, anakokota mzigo wa vijiti. Na kwa mbele, weupe kwa weusi, ng'ombe wametawanyika mpaka macho yanapoishia, na nikaitambua kanga ya shangazi yangu katikati yao.

Redio ikakoroma. "Upande wa kuangukia, uwanja uko wazi?"

"Uwanja hauko wazi," nikasema.

Ikaja sauti ya Mkuu mwenyewe. "Rudia."

"Hauko wazi. Kuna watu na ng'ombe kila mahali."

"Waambie wasogee, dada. Mgeni ameshakaa."

"Wasogee waende wapi? Haina mwavuli. Wewe unajua itaangukia wapi?"

Redio ikakatika. Baada ya muda niliona vumbi la pikapu. Dereva alishuka, akaja taratibu, kofia mkononi kama mtu anayeingia msibani.

"Madam," akasema, "nimetumwa nichukue redio. Nimeambiwa mimi ndiye niseme."

Nilimwangalia usoni. Alikuwa na aibu, na hakuwa na kosa. Ningeweza kuing'ang'ania redio, tukavutana pale kama watoto, halafu wangemtuma mwingine. Nikampa. Kisha nikavua viatu vya kisigino nilivyovaa kwa ajili ya mgeni, nikavishika mkononi, nikashuka kwenye tuta, nikaingia shambani. Nyuma yangu nilisikia redio ikimuuliza kama uwanja uko wazi, na nikamsikia dereva, yule asiyependa maneno mengi, akijibu:

"Mkuu, madam ameingia uwanjani. Anaendelea kwenda."

Udongo ulikuwa umepasuka, na majivu ya pamba yalikuwa bado ya moto chini ya nyayo. Nilienda mpaka kwa shangazi. Alikuwa amekaa juu ya kichuguu kidogo, fimbo mapajani, kibuyu cha maziwa pembeni. Nikapiga goti, nikamwamkia kwa Kisukuma kama mama yangu. "Mwangaluka, mayu." Aliitikia, akaniangalia miguu.

"Ng'wanone, mwanangu, mtu wa ofisini anatembea peku kwenye majivu? Umefukuzwa?"

"Bado," nikasema.

Nikamweleza kwa Kisukuma, kwa kifupi. Kwamba pale kwenye mahema kuna chuma, kwamba wanataka kukipeleka juu, kwamba kitarudi kwa kasi na hakuna wa kukizuia.

"Kitaangukia wapi?"

"Upande huu. Mahali hasa hatupajui."

"Chuma chenu wenyewe hamjui kinakoangukia?"

"Ndivyo, mayu."

Akatikisa kichwa. Sikumwona akiogopa. Nilimwona akiudhika, kama mtu aliyeambiwa kwamba jirani amefungulia mbuzi wake kwenye bustani. "Niwatoe ng'ombe?" akauliza.

Swali hilo limenikaa mpaka leo. Ningeweza kusema ndiyo. Tungezunguka moshi hadi moshi, tuwaombe watu waache kazi zao, wakusanye watoto, waswage mifugo, na pengine kufikia saa nane uwanja ungekuwa wazi kweli, na roketi ingepanda, na mimi ningepongezwa. Lakini kitu ndani yangu kilikataa. Walioamua kuutoa mwavuli ni wao. Kwa nini gharama ya uamuzi wao ibebwe na mama mwenye mtoto mgongoni? Mwavuli ulikuwa unashoneka. Ulihitaji muda tu, na muda walikuwa nao, ila hawakutaka kumwambia mgeni neno "subiri".

"Hapana," nikamwambia shangazi. "Waache wale."

"Mimi mwenyewe nilikuwa siwatoi," akasema. "Nilikuwa nakuuliza tu nione ulivyolelewa."

Nikakaa chini kwenye udongo karibu naye, na gauni langu la sherehe. Tuliona watu wanakimbia huku na huko kule kwenye mahema, wadogo kama siafu. Ngoma ilianza, ikanyamaza, ikaanza tena. Kusema kweli niliogopa. Nilikuwa na watoto wanaosoma, na kazi ile ndiyo iliyokuwa inatuweka mjini. Nilijiambia nikisimama sasa hivi, nikarudi, nikaomba radhi, itakuwa imekwisha. Sikusimama.

Mkuu alikuja mwenyewe, kwa miguu, suti nyeusi, tai, viatu vimekuwa vyeupe kwa majivu. Alikuwa anahema. Alisimama mbele yetu, na kwa hasira zake zote hakusahau adabu.

"Shikamoo, mama," akamwambia shangazi.

"Marahaba, baba."

Kisha akanigeukia. "Dada, unajua nani amekaa pale?"

"Najua nani amekaa hapa."

"Uwezekano wa kumpata mtu ni mdogo sana. Nimepiga hesabu."

"Basi njoo ukae," nikasema. "Kama ni mdogo, kaa na sisi, uwaambie wairushe. Mimi nitakaa kulia kwako."

Niliona macho yake yakielea juu, kwenye anga jeupe la kiangazi, halafu yakashuka kwa yule mama mwenye mtoto, ambaye alikuwa ameacha kazi na kutukodolea. Aliponena tena sauti ilikuwa ya mtu mwingine.

"Unaniaibisha mbele ya watu wote. Nimeuhangaikia mradi huu tangu nilipoajiriwa. Unajua wataniitaje?"

Nilimwonea huruma. Nataka hili lieleweke. Mtu huyu alikuwa amekula kwangu, nilikuwa nimelia naye kwenye msiba wa mama yake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyekuwa ametazama juu kwa muda mrefu mno.

"Watakuita mtu aliyeahirisha," nikasema. "Waambie mwavuli bado. Ni maneno mawili."

Shangazi alikuwa hajaelewa Kiswahili chetu chote, lakini aliona mwanaume amesimama juani anahema. Akamnyooshea kibuyu. Mkuu alisita, akapokea, akanywa maziwa ya mgando kwa mikono miwili mpaka yakamwachia masharubu meupe. Akafuta mdomo kwa tai. Akashukuru. Akarudi alikotoka, na mimi nikabaki, kwa sababu sikuwa na uhakika kwamba hatairusha.

Hakuirusha. Tulisikia kipaza sauti kwa mbali. Baadaye nilijua kilichosemwa: kwamba kutokana na upepo mkali, urushaji umeahirishwa. Mgeni akatoa hotuba kuhusu vijana na sayansi, wakala wali na nyama, wakaondoka.

Upepo! Moshi wa pamba siku ile ulikuwa umesimama wima kama nguzo.

Kwenye kikao cha wafanyakazi jambo lilisomwa hivyohivyo, kwamba hali ya hewa ilitukwamisha, na kila mtu akainamia meza yake. Nikanyoosha mkono. "Hapakuwa na upepo," nikasema. "Palikuwa na watu." Mwenyekiti akasema hilo limepita. Nikasema halijapita, liandikwe. Mwenzangu mmoja wa idara nyingine, ambaye hajawahi kutembea shamba lolote la mkoa huu, akasema kwa kejeli, "Huyu ametanguliza ng'ombe mbele ya sayansi." Watu wakacheka. Nikamjibu kwamba sayansi isiyoweza kumkwepa ng'ombe bado haijaiva. Hawakucheka tena, lakini hawakuniunga mkono pia.

Niliondolewa kwenye mradi. Nilirudishiwa vipindi vyangu vya karakana na nikaongezewa kazi ya kuhesabu misumari stoo. Wengine waliacha kunisalimia kwa moyo, wakawa wananisalimia kwa midomo tu. Nyumbani, mume wangu, ambaye ana duka la vifaa vya umeme mjini, aliniuliza mara moja tu kama nina uhakika. Nikamwambia ninao. Akasema, "Basi sahani zako usizipige kwa hasira, mimi sikukukosea."

Sikuwa na ruhusa ya kugusa roketi, lakini hakuna aliyenikataza kushona. Masika yale nilishona miavuli miwili sebuleni kwangu, mdogo na mkubwa, kwa ule mchoro ambao haukuangaliwa. Mishono nilifumua na kurudia. Kamba nilizipima kwa kuning'iniza mifuko ya saruji kwenye mti wa uani mpaka tawi likalalamika. Majirani waliniuliza ni shela ya harusi ya nani. Nilifanya kwa ukaidi, sitajidai kwamba ilikuwa kitu kingine. Nilitaka siku moja waseme mwavuli hauwezekani, nami niutoe kwenye begi.

Mkuu alikuja alasiri moja mvua imekatika. Alisimama mlangoni na kiroba. Ndani yake kulikuwa na pua ya roketi.

"Nimeleta pua," akasema.

"Naiona."

"Nimesikia una miavuli."

"Unayo habari sahihi."

Hakuomba radhi, na mimi sikumdai. Nilimwekea chai. Tukaitandaza miavuli sakafuni, tukasogeza makochi, tukapiga magoti pande mbili za kitambaa tukibishana kuhusu wapi baruti ikae na mkubwa ufunguke kimo gani. Alitaka ufunguke juu zaidi, kwa usalama. Nikasema ukifunguka juu upepo utaupeleka ziwani. Tulibishana mpaka watoto wakarudi kutoka madrasa. Wakati wa kuondoka akaniambia, bila kunitazama, kwamba amemwambia mwenyekiti kuhusu upepo. Ukweli wote. Nikamuuliza mwenyekiti alisemaje. "Alisema limepita," akajibu, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile tukacheka pamoja.

Tulirusha kiangazi kilichofuata, bila mahema. Asubuhi ile mimi na Mkuu na wanafunzi tulipita kaya kwa kaya, tukaeleza kwa Kisukuma, wengine kwa michoro ardhini, na watu wakachagua wenyewe: baadhi wakasogea, baadhi wakaja kutazama kutoka kwenye tuta. Shangazi alisema atasogea safari hii kwa sababu ameombwa vizuri. Nilitembea uwanja wote kwa miguu. Ndipo nikasema kwenye redio walichokuwa wanasubiri.

Ilipanda. Ikawa nukta, ikawa hakuna. Halafu nikaona kitu kidogo cheupe, kile kilemba, kikitikisika, na bomba likining'inia chini yake likija kwa haraka lakini kwa heshima, limenyooka. Ikashuka, ikashuka, na kwa kimo tulichobishania sakafuni kwangu ua la rangi ya chungwa likafunguka juu ya mashamba. Watu kwenye tuta walipiga vigelegele. Mkuu alinishika bega kwa nguvu mpaka likauma. Roketi ilielea kama haina uzito, ikapita juu ya mabua, ikatua si mbali na boma la shangazi. Ng'ombe mmoja aliinua kichwa, akaiangalia, akaendelea kula.

Wanafunzi walikimbia. Mimi nilitembea. Nilipofika niliupita ule umati, nikapiga magoti kwenye kitambaa, nikaanza kuchomoa miiba na kupapasa mshono mmoja baada ya mwingine, kama nilivyofanya kwenye vumbi la barabara. Karibu na kilele, nyuzi tatu zilikuwa zimeanza kuachia.

"Mkuu," nikaita. "Huu naufumua."

Akainama, akaangalia. "Lakini imetua salama, dada. Watu wanataka picha. Na wiki ijayo wanataka tena."

"Wiki ijayo hairuki," nikasema. "Naufumua."

Akaniangalia kidogo. Kisha akavua koti, akalitandika juu ya mabua, akakaa kunishikia kitambaa huku nikitafuta wembe kwenye mkoba.